Goti la Alex Johnson: mechi 45, karibu miaka sita ya kuuguza, kisha mechi 2

Alex Johnson alicheza mechi 47 katika AFL, ligi kuu ya futiboli ya Kiaustralia. Mechi 45 alizicheza misimu ya 2011 na 2012, na ya mwisho kati ya hizo ilikuwa fainali kuu iliyoipa ubingwa klabu yake, Sydney Swans. Mbili zilizobaki alizicheza Agosti 2018. Katikati hapo ipo miaka mitano na miezi kumi, karibu yote aliyokaa akiuguza goti moja, la kushoto, ambalo ligamenti yake ilijengwa upya mara tano.

Wapenzi wa mchezo huo wanamsimulia kwa namna mbili. Wapo wanaomsifu kama mtu aliyekataa kukata tamaa, na wapo wanaomhurumia kama mtu mwenye mkosi. Simulizi zote mbili zinamwacha peke yake na goti lake. Mimi nikikitazama kisa hiki naona maamuzi ya watu wengi: madaktari, walimu wa viungo, kocha, viongozi wa klabu na yeye mwenyewe, wakiamua upya kila mwaka kama safari iendelee au ikomee hapo. Mengi kati ya maamuzi hayo yalikuwa sahihi, na bado mwisho ukawa mbaya. Katika habari za majeraha tumezoea kupima uamuzi kwa matokeo yake, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kufunguliwa polepole.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa sababu bila kuujua hutaelewa goti linateswa na nini. Futiboli ya Kiaustralia huchezwa kwenye uwanja wa duara la yai, mkubwa kuliko wa soka. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Mpira una umbo la yai pia; hupigwa kwa mguu au hugongwa kwa ngumi kumfikia mwenzako, na anayeudaka moja kwa moja kutoka kwenye teke la mbali hupewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Hakuna kuotea. Kwa hiyo adui anaweza kukujia kutoka upande wowote, mbele, nyuma au ubavuni, na wachezaji hawavai kinga yoyote ya maana mwilini.

Johnson alikuwa beki. Kazi ya beki wa aina yake ni kumganda mshambuliaji mrefu wa wapinzani, kuruka naye mpira unaposhuka kutoka juu, kuupiga ngumi kabla haujadakwa, kisha kutua. Ukitazama mchezo huu kwa mara ya kwanza, macho yako yatakuwa juu kwenye mikono inayogombania mpira. Daktari wa timu anatazama chini. Mchezaji anayeruka huku amesukumwa ubavuni mara nyingi hutua kwa mguu mmoja, goti likiwa karibu limenyooka, mwili umeelekea upande wa pili, na papo hapo anataka kugeuka kuukimbilia mpira. Unyayo umeshika nyasi, paja linazunguka. Ligamenti ya mbele ndani ya goti, ile inayojulikana duniani kote kama ACL, ndiyo inayozuia mfupa wa chini usichomoke mbele na usizunguke kupita kiasi. Inapozidiwa, hukatika mara moja, na mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji miguuni.

Septemba 29, 2012, Johnson alikuwa na umri wa miaka 20. Mbele ya watu karibu 100,000 katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground, Swans waliifunga Hawthorn pointi 91 kwa 81, ilhali wengi waliamini Hawthorn wangeshinda. Ni vizuri kujua kwamba siku hiyo magoti mengine mawili yenye historia yalikuwemo kwenye kikosi cha Swans. Adam Goodes, nyota wao mkubwa, aliumia ligamenti ya nyuma ya goti ndani ya mechi hiyohiyo, akaendelea kucheza na kufunga goli robo ya mwisho. Na aliyepiga goli la kufunga hesabu, dakika za mwisho kabisa, ni Nick Malceski, beki ambaye miaka minne kabla alikuwa amewekewa ligamenti bandia gotini na kurudi uwanjani baada ya miezi michache tu.

Kijana aliyekulia kwenye chumba kama hicho cha kubadilishia nguo hujifunza jambo bila kufundishwa: goti huvunjika, goti hutengenezwa, mtu hurudi na kuwa bingwa. Februari 2013, miezi mitano tu baada ya fainali, ACL ya goti la kushoto la Johnson ilikatika katika mechi ya maandalizi ya msimu. Kwa wakati ule hakuna aliyeona ni msiba. Mtu wa miaka 20 akikatika ACL mwezi Februari anakosa msimu mmoja, anarudi mwaka unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawaelezwi. Ligamenti iliyokatika haishonwi ikarudi kuwa moja. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka kwingine, mara nyingi kano za misuli ya nyuma ya paja au kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, akatoboa matundu kwenye mfupa wa paja na wa muundi, akaipitisha na kuikaza. Kano hiyo mpya, siku ya upasuaji, ina nguvu. Kisha inaanza kufa. Imekatwa kutoka kwenye damu yake ya zamani, na inabidi mwili uijaze mishipa mipya ya damu na kuibadilisha taratibu ifanane na ligamenti. Katika miezi ya mwanzo inakuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa mezani kwa daktari, na kinachotisha ni kwamba huo ndio wakati mgonjwa anaanza kujisikia vizuri. Uvimbe umeshuka, anatembea bila magongo, anapanda ngazi. Goti linamwambia yuko tayari kumbe bado.

Ndiyo sababu siku hizi madaktari wa michezo wanashikilia miezi tisa kama kiwango cha chini. Utafiti umeonyesha kwamba kila mwezi mwanamichezo anaochelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Hata akisubiri, hesabu inabaki ngumu kwa vijana: miongoni mwa wanamichezo wadogo wanaorudi kwenye michezo ya kukata kona na kuruka, karibu mmoja kati ya wanne hukatika tena, ama goti lilelile au la upande wa pili. Maneno hayo ya mwisho, goti la upande wa pili, msomaji ayaweke akilini.

Goti la Johnson likaumia tena, na tena. Ligamenti ikajengwa upya mara ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kila mara ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, na sababu yake ni ya kifundi kabisa. Matundu yaliyotobolewa kwenye mfupa hupanuka; pengine inabidi yajazwe mfupa kwanza, yaachwe yapone, ndipo upasuaji wa kweli ufanyike baadaye. Kano za kuazima mwilini si nyingi: ukishatumia za mguu mmoja unaufikiria mguu wa pili, usioumia, ukishazimaliza hizo unafikiria za mtu aliyetoa mwili wake au za bandia. Gegedu huliwa kila goti linapoteguka. Na msuli wa mbele ya paja, unaoshika goti lote, hunywea kila mara.

Nakaa kidogo kwenye huo msuli, kwa sababu ndio kazi ya kila siku ambayo hakuna kamera inayoipiga picha. Wiki ya kwanza baada ya upasuaji mchezaji hulala chali. Chini ya kisigino huwekwa taulo iliyoviringishwa, goti likabaki linaning'inia bila kitu chini yake. Anatakiwa akaze paja na kulisukuma goti lishuke mpaka mguu unyooke kabisa. Ni zoezi la sekunde tano. Mtu aliyekuwa akiruka juu ya mabega ya wenzake anakaza paja lake na halijibu. Analitazama, anaona limelala, laini, jembamba kuliko la pili. Mwalimu wa viungo anaweka kidole juu ya msuli na kusubiri utikisike. Ukitikisika, hiyo ni siku nzuri. Kisha unarudiwa mara nyingi kwa siku, kila siku, kabla hata hajaruhusiwa kuendesha baiskeli isiyotembea. Johnson alianza ngazi hiyo ya chini kabisa mara tano kwa mguu mmoja, na mara ya nne na ya tano alikuwa anajua kwa undani kila hatua iliyo mbele na mahali ilipomwangusha zamani. Kama kuna sehemu ya kisa hiki inayostahili heshima, kwangu ni hapo. Kujitoa mara ya kwanza kunasaidiwa na kutojua.

Tuje kwa klabu. AFL ina orodha ya wachezaji yenye idadi maalumu na ukomo wa mishahara. Nafasi moja kwenye orodha ni mali. Kila msimu klabu inawatema wachezaji wazima wa miguu ili kuwapisha vijana wa drafti, utaratibu wa klabu kuchagua kwa zamu wachezaji wapya. Katika mazingira hayo, Swans walimbakiza Johnson mwaka baada ya mwaka bila kumpata hata katika mechi moja ya ligi. Msimu wa 2013, 2014, 2015, 2016, 2017, yote. Unaweza kusema ni huruma. Mimi nadhani huruma peke yake haiwezi kushika miaka mitano katika biashara ya aina hiyo. Lazima pawepo mtu mezani anayejua kutoka ndani jambo linalozungumzwa.

Kocha wao alikuwa John Longmire. Zamani alikuwa mshambuliaji hodari wa North Melbourne, mfungaji bora wa ligi mwaka 1990. Mwaka 1996 aliumia goti kabla ya msimu kuanza, akakosa mwaka mzima, na ndio mwaka ambao North Melbourne walichukua ubingwa. Aliwatazama wenzake wakivikwa medali. Alirudi, akacheza kwa taabu, na mechi yake ya 200, iliyokuwa pia ya mwisho kwake, ikawa fainali kuu ya 1999, ambayo walishinda. Mtu mwenye historia hiyo anapoulizwa kama beki mwenye goti bovu aongezewe mwaka mmoja, hajibu kwa kusoma ripoti ya daktari pekee.

Wakati huohuo klabu haikusimama. Swans walicheza fainali kuu nyingine mbili bila Johnson, ya 2014 waliyozidiwa vibaya na Hawthorn na ya 2016 waliyofungwa na Western Bulldogs kwa tofauti ya pointi 22. Katika ile ya 2016 alikosekana beki mwingine pia, na huyu anatugusa sisi wa Afrika Mashariki: Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kutoka familia ya Sudan Kusini. Alikuwa ameibuka mwaka huohuo, akaumia goti katika nusu fainali dhidi ya Geelong, wiki moja tu kabla ya mechi kubwa. Jeraha lake lilikuwa la ligamenti ya pembeni, ambayo mara nyingi hupona bila kisu. Aliendelea, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Wawili hawa walikuwa klabu moja, safu moja ya ulinzi, na wote waliumia goti. Kilichotenganisha njia zao ni kamba ipi iliyochanika ndani ya goti, jambo lisilohusiana kabisa na moyo wa mtu. Nasema hivi kwa sababu tunapenda mno kusema aliyerudi alirudi kwa kuwa alitaka zaidi.

Johnson alirejea kwa ngazi. Kwanza alicheza na kikosi cha akiba cha Swans katika ligi ya NEAFL, akapimwa huko, akazoeshwa tena kugongwa na kutua. Agosti 4, 2018, akiwa na miaka 26, aliitwa kikosi cha kwanza dhidi ya Collingwood, katika uwanja wa nyumbani wa Sydney Cricket Ground. Mechi yake iliyopita ya ligi ilikuwa ile fainali ya 2012. Wengi wa waliokuwa wakimkumbatia uwanjani siku hiyo hawakuwahi kucheza naye mechi hata moja ya ligi. Walimfahamu kwenye chumba cha mazoezi. Swans walishinda kwa taabu, na Johnson alicheza kama beki, wala si kama mgeni wa heshima: aliruka, akapiga ngumi, akatua.

Siku nane baadaye, Agosti 12, walikuwa Melbourne Cricket Ground kucheza na Melbourne. Huko ACL yake ikakatika. Safari hii ilikuwa ya goti la kulia.

Niliposoma maoni ya watu baada ya siku ile, wengi walisema hakupaswa kurudishwa, kwamba goti lile lilikuwa limekwisha. Hoja hiyo inaanguka kwenye ukweli mmoja mdogo: goti lililokuwa likisemwa limekwisha halikukatika. Goti la kushoto, lenye ligamenti ya tano, lilistahimili msimu wa NEAFL na mechi mbili za ngazi ya juu kabisa. Kazi ya madaktari na ya Johnson mwenyewe kwenye lile taulo ilifaulu. Kilichokatika ni goti ambalo kila mtu alilihesabu kuwa zima.

Lakini je, lilikuwa zima kweli? Hapo ndipo ninapoona funzo la kitabibu la kisa chote. Mtu aliyekatika ACL upande mmoja yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake ya kukatika upande wa pili. Sababu zinaeleweka. Kwa miaka mingi mguu mzima unabeba kazi ya wote wawili: ndio wa kusimamia, ndio wa kutua, ndio unaoaminiwa mwili unapoogopa. Mtu hubadilisha namna anavyotua bila kujijua. Tena, zile tabia za mwili zilizolifanya goti la kwanza likatike, umbo la mifupa na jinsi goti linavyoinama kwa ndani wakati wa kutua, mguu wa pili unazo pia. Na kuna jambo la tatu: miaka zaidi ya mitano bila kasi ya AFL. Kikosi cha akiba hakikimbii kwa kasi ile, na hakuna chumba cha mazoezi kinachoweza kuiga mgongano usioutarajia dakika ya tisini ya uchovu. Misuli na mishipa ya fahamu inayolinda goti hujifunza hatari kwa kukutana nayo.

Je, ilipasa asipangwe, basi? Nimelitafakari hili na jibu langu ni kwamba alistahili kupangwa. Alikuwa amepita vipimo, alikuwa anacheza vizuri akiba, klabu ilikuwa na nafasi ya beki, na yeye ni mtu mzima aliyefahamu hatari yake kuliko yeyote. Kumzuia mtu huyo kwa sababu ya kuogopa jinsi sisi watazamaji tutakavyohuzunika si ulinzi wa afya. Pale ninapoweza kukosoa ni mapema zaidi, miaka ya mwanzo, na ukosoaji huo hauihusu klabu moja. Kipindi kile mchezo mzima ulikuwa umevutiwa na ligamenti bandia na habari za watu kurudi ndani ya wiki kumi na mbili. Kurudi kwa haraka kuliandikwa kama ushujaa. Leo miezi tisa ni kiwango cha chini, na wengi wanasubiri mwaka mzima, na hakuna anayemwita mchezaji mwoga kwa hilo. Vijana wanaoumia sasa wanafaidika na magoti ya kizazi cha Johnson.

Mwisho wa msimu wa 2018, baada ya ligamenti ya kulia kukatika, Swans walimwacha. Alikuwa na medali moja ya ubingwa na mechi 47.

Na miezi hiyohiyo ambayo nafasi yake ilifutwa kwenye orodha, Swans walimsajili Daniel Menzel, mshambuliaji aliyeachwa na Geelong. Menzel alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kujenga upya magoti mara nne. Aliumia kwenye mechi ya mchujo mwaka 2011, akakaa nje karibu miaka minne, akarudi Agosti 2015 dhidi ya Collingwood na kufunga magoli 4 siku hiyohiyo. Kwa Sydney alicheza mechi 7 msimu wa 2019. Klabu iliyokuwa imeona kila kitu ambacho goti linaweza kumfanyia mchezaji ilikuwa na kila sababu ya kuogopa, na badala yake ilifungua mlango kwa goti jingine.